Tabibu, muuguzi au udaktari moja kwa moja? Ngazi tatu kwa mwenye matokeo ya kidato cha nne mkononi

Mimi na mdogo wangu wa kike tuliingia vyuo vya afya mwaka mmoja, 2010, kwa ada iliyotoka kwenye zizi moja la ng'ombe. Mimi nilisomea utabibu, yaani kupima na kutibu wagonjwa kwa stashahada, bila kuwa daktari wa shahada; yeye uuguzi na ukunga. Tulimaliza pamoja mwaka 2013 na tukapangiwa vituo moja kwa moja, maana enzi hizo mhitimu wa afya hakuhangaika sana. Mshahara wa kwanza ukalingana: wote daraja la mshahara la TGHS B. Nyumbani, lakini, hatukulingana hata kidogo. Mimi nilikuwa "dokta" tangu wiki ya kwanza. Yeye alikuwa "nesi", na mama mkubwa mmoja akamuuliza kwa upole ni lini na yeye atasoma awe kama kaka yake.

Leo mdogo wangu ana shahada na anasimamia wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya. Mimi ni tabibu wa zahanati. Dokta bado naitwa.

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu haipumui. Wazazi wananitumia picha ya matokeo na swali moja: "Huyu asome nini?" Mwaka huu swali limetoka ndani ya ukoo wenyewe, kwa binti wa kaka yetu mkubwa. Nimeamua kuandika jibu zima mara moja, maana kwenye simu huwa naishia nusu.

Tiketi moja, milango miwili

Watu wengi wanadhani utabibu unataka matokeo makubwa kuliko uuguzi. Hapana. Stashahada zote mbili zinataka ufaulu wa kuanzia D katika masomo manne yasiyo ya dini, na ndani ya hayo manne lazima iwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Zote mbili ni miaka 3, zikipanda ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 za NTA, yaani ngazi za tuzo za vyuo vya ufundi. Anayeishia ngazi ya 5 anatoka na astashahada, na upande wetu huyo anaitwa tabibu msaidizi. Zote mbili ziko chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, ambalo hutoa kitabu cha mwongozo cha udahili chenye jina la kila chuo kinachotambulika, sifa zake na ada zake. Chuo kisichomo humo, hata kikiwa na jengo la ghorofa na basi lenye nembo, usikipe hela yako.

Njia ya tatu ni kwenda kidato cha tano. Hapa tahasusi ni PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, na nasema PCB kwa sauti. Nimeshaona vijana waliochukua CBG, yenye Jiografia mahali pa Fizikia, kwa kukwepa Fizikia, wakasoma miaka miwili kwa bidii, wakafaulu vizuri, ndipo wakagundua kwamba MD, shahada ya udaktari, inadai Fizikia ya kidato cha sita. Hakuna aliyewaambia mapema. Sifa ya chini ya kuomba MD ni D tatu katika Fizikia, Kemia na Biolojia, yaani pointi 6. Hiyo ni ruhusa ya kuomba tu. Nafasi za Muhimbili zinagombewa na wenye A na B, na mwenye D tatu atajikuta anatazama vyuo binafsi, ambako ada ni habari nyingine kabisa.

Sasa tupige hesabu ambayo wazazi hawaipigi. PCB miaka 2, MD miaka 5, utarajali (mazoezi ya kazi hospitalini) mwaka 1: jumla 8 tangu kidato cha nne. Anayepitia utabibu kwanza: stashahada 3, MD 5, utarajali 1: jumla 9. Tofauti ni mwaka mmoja tu. Kwa mwaka huo mmoja, wa pili ana cheti cha kazi mkononi kabla hajagusa chuo kikuu. Akikwama njiani, kwa ada au kwa kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli), anarudi kwenye utabibu wake. Wa kwanza akikwama mwaka wa tatu wa MD anarudi nyumbani na cheti cha kidato cha sita.

Ndiyo maana njia ya kupitia utabibu inaonekana ya akili. Ina mtego mmoja. Tabibu anayeomba MD anatakiwa awe na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0 kwenye stashahada yake, na juu ya hapo D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Soma tena hilo la Hisabati. F ya Hesabu haikuzuii kuwa tabibu, ila itakungoja mlangoni pa chuo kikuu miaka kadhaa baadaye, wakati umeshasahau hata ulikaa dawati gani. Mwenye F hiyo na ndoto ya udaktari arudie somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea sasa hivi, kichwa kikiwa bado na moto. Nina mwenzangu aliyelirudia akiwa na miaka 31, amekaa chumba kimoja na watoto waliokuwa wakimwamkia "shikamoo".

Kazi yenyewe, saa kwa saa

Asubuhi kwangu inaanza na benchi. Mama mwenye mtoto anayechemka, mzee wa mgongo, kijana aliyejikata panga, msichana anayesema tumbo linamuuma na macho yake yanasema jambo lingine. Nauliza, nashika, napima malaria kwa kipimo cha haraka, naandika dawa mseto au naandika kitu kingine, najaza kitabu namba 5 cha MTUHA, yaani rejesta ya wagonjwa wa nje, naita anayefuata. Kazi ya tabibu ni kuamua. Unaamua haraka, vipimo vichache, na mara nyingi peke yako. Hospitali ya wilaya iko mbali, gari la wagonjwa limekwenda kwingine, na mgonjwa aliyeko mbele yako hajasoma kitabu ulichosoma wewe. Kuna usiku nimeandika rufaa nikabaki macho mpaka alfajiri nikijiuliza kama nilichelewa nusu saa.

Mdogo wangu kazi yake ni kukaa. Sina neno zuri zaidi. Mimi namwona mgonjwa dakika kumi, yeye yuko naye zamu nzima. Mama aliye kwenye uchungu anamfuatilia kwenye patografu, chati ya uchungu, mstari kwa mstari: mapigo ya moyo wa mtoto, njia inavyofunguka, presha ya mama. Mstari ukianza kwenda upande mbaya, yeye ndiye wa kwanza kujua, na yeye ndiye anayepaswa kumwamsha daktari hata kama daktari huyo ana mdomo mchafu. Mtoto akizaliwa salama, linaandikwa jina la mama kwenye kitabu namba 12 na watu wanaondoka wakimshukuru Mungu na daktari. Nesi anabaki akinawa mikono.

Kwa hiyo nikiulizwa na kijana, simuulizi anapenda heshima gani. Namuuliza hivi: ukiwa na mgonjwa, unapenda kujua ana nini, au unapenda kuona anaendeleaje? Wapo wanaosisimkwa na fumbo, wakishalifumbua wanataka lingine. Hao ni watu wa benchi langu. Wapo wanaoweza kurudi kwa mgonjwa yule yule mara ya kumi na wakaona kilichobadilika tangu mara ya tisa. Hao wodi inawahitaji kuliko wanavyojua.

Zahanati, niongeze, inavuruga mipaka hii yote. Nikiwa likizo muuguzi anakaa kwenye kiti changu. Yeye akiwa kwenye semina mimi nazalisha. Ukipenda kazi yenye uzio, kaa hospitali kubwa.

Ngazi iliyokatwa katikati

Hapa ndipo nataka msomaji atulie, kwa sababu hapa ndipo mimi na mdogo wangu tulipoachana.

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na madaktari wazalendo 12. Mwalimu Nyerere aliitaja hesabu hiyo mpaka uzeeni. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam, iliyokuja kuwa Muhimbili ya leo, ilifunguliwa mwaka 1963, lakini nchi isingeweza kukaa ikisubiri wahitimu wake wafike Kibondo na Liwale. Ikategemea watu waliosoma miaka michache, wakapelekwa vijijini wakatibu. Sisi matabibu ni watoto wa uhaba ule. Juu yetu ikawekwa ngazi ya daktari msaidizi: tabibu anafanya kazi miaka kadhaa, anarudi chuo miaka 2, anatoka akiwa na ruhusa ya kufanya hata upasuaji wa uzazi. Kwa miongo mingi, mama wa wilayani aliyehitaji upasuaji usiku alikuwa mikononi mwa daktari msaidizi.

Mimi nilikuwa naisubiri ngazi hiyo. Nilishaanza kuweka akiba. Kozi ikasitishwa kabla zamu yangu haijafika, kwa maelezo kwamba nchi sasa inataka madaktari kamili. Sibishani na sababu. Mgonjwa anastahili daktari kamili. Ila kwa tabibu maana yake ni kwamba kati ya kiti changu na cha daktari hapana tena kiti cha katikati. Ni MD, miaka 5, umekaa darasani na vijana waliotoka PCB mwaka jana, huku nyumbani una wanao. Kenya, ambako chuo cha KMTC kimekuwa kikifundisha tangu 1927, matabibu wana shahada ya fani yao wenyewe. Hapa kwetu wenzangu wengi ama wamekaza mkanda wakaenda MD, ama wamepinda pembeni: wengine takwimu za afya, wengine miradi ya UKIMWI, wengine afya ya jamii.

Ngazi ya muuguzi haikuguswa. Kutoka stashahada unakwenda shahada ya uuguzi, unakuwa afisa muuguzi, na kila hatua inaitwa uuguzi ule ule, hakuna kuanza upya. Juu ya shahada kuna uzamili: Muhimbili wanafundisha ukunga na afya ya wanawake, uuguzi wa wagonjwa mahututi, afya ya akili. Mdogo wangu alipoomba ruhusa ya masomo, mwajiri wake alijua hasa atarudi akiwa nani.

Halafu kuna suala la nje ya nchi, ambalo vijana huulizia kwa kunong'ona. Neno "muuguzi" lina maana Muscat, Riyadh na London. Uingereza, kwa mfano, baraza lao lina mtihani wa kompyuta, kisha wa vitendo, ukivuka unasajiliwa. Kazi ni ngumu na Kiingereza chake ni kigumu zaidi, lakini njia ipo na inajulikana. Tabibu anaeleweka Kenya, Uganda, Malawi, Zambia. Ukivuka bahari, cheti changu hakina kiti cha kukalia.

Ninachowaambia wazazi ni hiki: utabibu chukua kama unakusudia kweli kuendelea mpaka MD, au kama unaipenda zahanati kiasi cha kuridhika nayo. Mimi niko kundi la pili, ingawa niliingia nikidhani niko la kwanza. Asiye na uhakika achukue uuguzi. Najua jibu hili linaudhi baadhi ya akina baba, hasa likimhusu mtoto wa kiume. Wanaume wauguzi wapo wengi, na wodi za vichaa na za upasuaji wanawagombania.

Pesa

Ada ya stashahada kwenye chuo cha Serikali ni nafuu kuliko binafsi, wakati mwingine nusu yake. Ila ada siyo inayowaangusha watu. Kinachowaangusha ni vile vya pembeni: sare, vifaa, bima ya afya, chumba cha kupanga wakati wa mafunzo kwa vitendo kwenye mji usio na ndugu, nauli za kwenda zamu ya usiku, na sapu, yaani mitihani ya marudio, maana kila somo unalorudia lina malipo yake. Ukiuliza ada, uliza na hivi.

Habari njema ni kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha wa stashahada katika fani za kipaumbele, na afya ni mojawapo. Enzi zetu mkopo ulikuwa wa chuo kikuu tu. Sisi tulikula ng'ombe. Ombi halihakikishi kupata, kwa hiyo jipange kana kwamba mkopo hautakuja.

Kwa MD, mkopo ndio unaobeba wengi, na mwaka wa utarajali mtu analipwa posho. Lakini hesabu miaka: rika lako la stashahada litakuwa limeshajenga vyumba viwili wakati wewe bado unaomba nauli.

Ajira, bila kupaka rangi

Yale ya 2013 yamekwisha. Leo unamaliza, unasajiliwa na baraza lako (matabibu Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi Baraza la Uuguzi na Ukunga), halafu unasubiri tangazo la ajira za Serikali pamoja na maelfu ya wenzako. Wapo wanaosubiri miaka. Katikati wanajitolea kwenye vituo kwa posho ya sabuni, au wanashika kazi hospitali binafsi kwa mshahara wa aibu. Nimefanya kazi na kijana aliyejitolea muda mrefu, mwenye mikono mizuri kuliko baadhi yetu tulioajiriwa, akalala njaa kwa siku zinazohesabika.

Kwenye kusubiri huku pia naona tofauti. Kituo binafsi chenye tabibu mmoja kinahitaji wauguzi watatu au wanne, kwa sababu zamu za wodi haziachwi wazi. Tabibu akikosa ajira anafikiria kufungua kliniki, na hapo sheria inambana, kwa haki, kuhusu nani anaruhusiwa kusimamia nini. Daktari wa MD naye siku hizi anasubiri. Miaka michache nyuma ungecheka ukiambiwa hivyo.

Milango mingine, kwa ufupi

Maabara ni ya mtu mtulivu asiyependa kelele za benchi. Kazi haionekani, lawama inaonekana: jibu likikosewa, sisi wote tunatibu ugonjwa usiokuwepo. Famasia inadai Kemia na Biolojia, Fizikia si lazima, kwa hiyo aliyeanguka Fizikia asikate tamaa, aangalie huko. Ina faida moja ambayo nyingine hazina, nayo ni duka. Tangu mfumo wa Maduka ya Dawa Muhimu ulipoanzia Ruvuma mwaka 2003, dawa vijijini imekuwa biashara yenye kanuni, na mwenye taaluma ya dawa ana pa kusimama hata Serikali isipoajiri.

Kwa aliyekosa D za sayansi kabisa, upo uhudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka 5. Ni kazi ya posho, ya kutembea nyumba kwa nyumba, na siyo ngazi ya kupandia udaktari. Lakini wahudumu wawili wa kijiji changu wananiletea wajawazito mapema kuliko mabango yote ya ukutani.

Fomu ya binti yetu

Ana C ya Biolojia, D ya Kemia, D ya Fizikia, D ya Kiingereza, na F ya Hesabu. Kidato cha tano cha PCB kwa matokeo haya ningekuwa namdanganya. Jumapili alikuja na baba yake, shangazi yake naye akawepo, akiwa ametoka zamu ya usiku na macho mekundu.

Kaka alitaka utabibu. "Familia imeshazoea kuwa na dokta," akasema.

Nikamweleza habari ya Hesabu na ya ngazi iliyokatwa. Akanisikiliza, akamgeukia mdogo wetu, kama vile mimi naweza kuwa nasema kwa wivu. Yeye akamuuliza binti swali moja tu: bibi alipolazwa mwaka jana, wewe uliyekaa naye usiku, ulichoka saa ngapi?

"Sikuchoka, shangazi. Niliogopa tu alipoacha kukoroma."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwekea mkono kifuani."

Hesabu tumekubaliana atairudia hata hivyo, kwa njia yoyote atakayokwenda. Kwenye chaguo la kwanza ameandika uuguzi na ukunga, chuo cha Serikali. Chaguo la pili ameandika utabibu, kwa kalamu ya baba yake, na hapo mimi nikanyamaza nikaenda kuchemsha chai.